Kanisa la Nzige

Mkulima hufanya kazi na washirika asiowaajiri wala asioweza kuwafukuza: mvua, jua, upepo na wadudu. Mwalimu hujua mwisho wa mwezi utamletea nini, na karani hali kadhalika. Lakini mtu aliyetia mbegu yake ardhini ameitoa mkononi mwake, na kati ya siku ile ya kupanda na siku ya kuvuna hana amri tena juu ya mambo mengi. Labda ndiyo maana desturi ya kumshukuru Mungu kwa mavuno ina mizizi mirefu kuliko desturi nyingine nyingi za kanisa. Katika makanisa mengi ya Kenya, mazao yakisha kuingia ghalani, watu huleta mbele ya madhabahu mahindi, maharagwe, ndizi, na hata jogoo aliyefungwa miguu, ambaye mara nyingine huwika katikati ya mahubiri. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa, na wanunuzi hushindana kwa furaha kutoa bei iliyo kubwa kuliko thamani yake.

Hayo ni mambo ya mwaka mwema, na katika mwaka mwema kushukuru si kazi ngumu. Lakini mtu aletaye madhabahuni mikono mitupu, naye amelima kama jirani yake na kupalilia kama jirani yake, atasema nini? Swali hilo si la vitabu tu. Liliwahi kuwakabili watu wa jimbo zima kwa miaka mitano mfululizo, na jinsi walivyolijibu ni habari inayostahili kusimuliwa.

Jimbo lenyewe ni Minnesota, kaskazini mwa Marekani, nchi ya maziwa mengi na baridi kali. Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyompa kila raia, au mgeni aliyekusudia kuwa raia, haki ya kuchukua ekari 160 za ardhi ya serikali. Hakulipa bei ya ardhi, ila ada ndogo tu. Lakini ilimpasa kukaa juu ya ardhi ile na kuilima kwa miaka mitano kabla ya kupewa hati. Habari hiyo ilivuka bahari. Wajerumani, Wanorwe na Waswidi, ambao kwao shamba lilikuwa limegawanywa kwa wana mpaka likawa dogo kama ua wa nyumba, walipanda meli kwa maelfu. Walipofika nchi tambarare za magharibi ya Minnesota waliona nyasi hadi upeo wa macho, wala hapakuwa na mti wa kung'oa wala jiwe la kuondoa. Wengi wao waliona kwamba Mungu amewapa nchi ya ahadi, wakamshukuru.

Hapa ni lazima tusimame kidogo. Nchi ile haikuwa haina wenyewe. Ilikuwa ya Wadakota, ambao walikuwa wamesukumwa kwa mikataba mpaka wakabakiwa na ukanda mwembamba kando ya mto. Mwaka uleule wa 1862, malipo yao yalipochelewa na njaa ilipowazidi, walipigana na walowezi. Watu wengi waliuawa, na baada ya Wadakota kushindwa, watu wao 38 walinyongwa kwa siku moja katika mji wa Mankato, tarehe 26 Desemba. Mwaka uliofuata waliobaki walifukuzwa karibu wote katika jimbo. Kwa hiyo mlowezi aliyepiga magoti shambani kwake mwaka 1870 na kushukuru kwa ajili ya ardhi, alishukuru kwa kitu ambacho mwingine alikuwa akikililia. Sisi Wakenya, ambao wazee wetu waliyajua mashamba ya walowezi kwa upande wa pili wa ua, hatuna haja ya kuelezwa jambo hilo kwa urefu. Twalitaja kwa sababu ni kweli, na kwa sababu shukrani isiyotaka kujua kitu kilitoka wapi ni shukrani ya nusu. Hata hivyo taabu iliyowapata wakulima wale haikuwa ndogo, nao walikuwa watu maskini.

Mwezi wa Juni mwaka 1873 ngano ilikuwa imesimama vizuri. Ndipo watu wa kusini-magharibi mwa jimbo walipoona upande wa machweo wingu ambalo halikuwa wingu la mvua. Lilimetameta, kama theluji inayopigwa na jua. Likaja juu ya vichwa vyao, mwanga wa mchana ukafifia, kisha likaanza kuanguka. Na kila kilichoanguka kilikuwa na miguu na meno. Walikuwa nzige wa Milima ya Rocky, wadudu waliozaliwa katika mabonde ya milima iliyo mbali sana upande wa magharibi na kuletwa na upepo.

Walioona siku zile waliandika kwamba sauti ya kutafuna ilisikika kama moto unaoteketeza nyasi kavu. Ngano iliondoka kwanza, kisha mboga za bustani. Vitunguu vililiwa mpaka ndani ya udongo, na mahali pa kila kitunguu pakabaki shimo. Wanawake walitoka mbio na mablanketi na mashuka kufunika bustani, nzige wakala mablanketi na mashuka. Walikula sufu iliyo mgongoni mwa kondoo, ngozi za lijamu za farasi, na mpini wa jembe mahali palipolowa jasho la mkono wa mtu, kwa sababu ya chumvi. Maji ya visima na vijito yakaharibika kwa mizoga. Kuku walikula nzige mpaka nyama yao na mayai yao yakawa na ladha isiyovumilika. Reli nazo zilisimama, kwa kuwa magurudumu ya garimoshi yaliponda nzige wengi mno hata yakateleza juu ya mafuta yao.

Walipokuwa wameshiba, majike walitaga mayai katika udongo, kila mmoja vifuko kadhaa, na katika kila kifuko zaidi ya mayai ishirini. Hilo ndilo lililokuwa jambo baya zaidi. Mkulima aliyepoteza ngano yake mwaka 1873 alijua, kila alipokanyaga shamba lake wakati wa baridi, kwamba anakanyaga njaa ya mwaka ujao. Mwaka 1874 mayai yakaanguliwa. Tunutu wakatambaa kwa mamilioni, wakala miche ikiwa bado michanga. Kisha yakaja makundi mapya kutoka magharibi. Ikawa hivyo mwaka 1875, na tena mwaka 1876.

Ukubwa wa msiba huo haukuwa wa Minnesota peke yake. Mwaka 1875 katika jimbo la Nebraska, daktari mmoja, Albert Child, alilipima kundi lililopita juu ya mji wake. Alipima mwendo wao, akahesabu siku walizochukua kupita, nazo zilikuwa tano, akauliza kwa telegrafu katika miji mingine ili ajue upana wa kundi. Hesabu yake ilitoa maili 1,800 kwa urefu na maili 110 kwa upana. Hata tukimpunguzia daktari kiasi fulani, maana nzige hawakusimama wahesabiwe, hilo ni mojawapo ya makundi makubwa kupita yote ya viumbe yaliyopata kuandikwa.

Miongoni mwa wakulima waliopigwa alikuwa Charles Ingalls, karibu na mji mdogo wa Walnut Grove. Alifika pale na mke wake na watoto wa kike mwaka 1874, akapanda ngano, akajenga nyumba kwa mkopo akitumaini mavuno. Nzige wakaja. Ingalls alifunga viatu vyake akaenda kwa miguu upande wa mashariki, mahali ambapo nzige hawakufika, ili afanye kibarua cha kuvuna ngano ya watu wengine. Mwishoni mwa mwaka 1875, ili apate unga wa msaada wa serikali, ilimbidi atie sahihi hati ya kiapo kwamba hana kitu kabisa. Binti yake Laura, aliyekuwa mtoto mdogo wakati ule, alipokuwa mzee aliandika vitabu juu ya maisha yao, na kimoja, kilichotoka mwaka 1937, kinasimulia habari za nzige. Kiapo kile hakukitaja katika kitabu. Pengine baba hakupata kuwaambia watoto. Pengine binti alijua akamsitiri. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya chakula cha msaada ataelewa.

Je, wakulima walikaa tu wakingoja rehema? Sivyo hata kidogo. Walichimba mitaro ili tunutu watumbukie humo. Walichoma nyasi. Walilima mashamba wakati wa vuli ili mayai yatoke juu yagande. Walitengeneza chombo cha bati pana, wakakipaka lami, wakakikokota kwa farasi au kwa mikono juu ya shamba, na tunutu walioruka walinasa katika lami wakachomwa. Serikali za wilaya zililipa fedha kwa kila kipimo cha nzige kilicholetwa, na watoto wakawa watafutaji hodari wa fedha hizo. Mtaalamu mmoja wa wadudu, Charles Riley wa jimbo la Missouri, alishauri hata nzige waliwe. Mwaka 1875 aliandaa karamu, akawalisha wageni wake supu ya nzige na nzige wa kukaanga, nao waliokula walisifu. Watu kwa jumla hawakumfuata. Msomaji aliyekulia upande wa magharibi wa nchi yetu, anayejua utamu wa kumbikumbi, au aliyewahi kuonja senene wa Uganda, atawashangaa wenye njaa waliokataa chakula kilichojileta chenyewe mlangoni.

Serikali ya Marekani iliwaruhusu wenye mashamba kuondoka kwa muda bila kupoteza haki ya ardhi yao. Serikali ya jimbo ilitoa fedha za mbegu na unga, lakini kwa mkono mzito. Mwaka 1876 kiti cha ugavana kilishikwa na John Pillsbury, mfanyabiashara tajiri wa jamaa iliyosifika kwa vinu vya unga. Mtu huyu ni mgumu kumhukumu. Aliamini kwamba msaada wa serikali humdhoofisha anayeupokea, na kwamba mkulima apewapo unga bure leo atasahau kulima kesho. Maneno hayo husemwa kwa wepesi na watu walioshiba. Na kumwambia aliyelima miaka minne bila kuvuna kwamba anahitaji kufundishwa bidii ni ukatili, hata kama msemaji hakukusudia hivyo. Lakini Pillsbury huyohuyo, katika baridi ya Desemba 1876, alisafiri katika wilaya zilizoharibiwa bila kujitambulisha kuwa yeye ndiye gavana. Aliingia nyumba za watu, akaona jinsi walivyolala na jinsi walivyovaa, akatoa fedha zake mwenyewe na kuomba michango kwa matajiri wenzake.

Masika ya mwaka 1877 yalipokaribia, mayai yalikuwa yamejaa ardhini kuliko wakati wowote. Watu wengi walimwandikia gavana, na viongozi wa makanisa wakamwomba atangaze siku ya maombi. Jambo hilo halikuwa geni: gavana wa Missouri alikuwa amefanya hivyo tarehe 3 Juni 1875. Na wasomaji wa Biblia walikumbuka kwamba nabii Yoeli aliwaita watu wa Yuda wafunge na kulia kwa sababu ya nzige. Pillsbury akakubali. Akatangaza kwamba siku ya Alhamisi, tarehe 26 Aprili 1877, iwe siku ya kufunga na kuomba katika jimbo lote.

Si wote waliopendezwa. Walikuwako watu waliopinga hadharani wakisema kwamba si kazi ya serikali kutangaza maombi, na kwamba gavana angefanya vema zaidi kufungua hazina kuliko kufungua makanisa. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Lakini siku ilipofika maduka yalifungwa, kazi zikasimama, na makanisa yakajaa, ya Wakatoliki na ya Waprotestanti, mijini na mashambani.

Sasa yafuata yale ambayo watu wa Minnesota hupenda kuyasimulia. Siku chache tu baadaye, hali ya hewa ikiwa imekwisha kuwa ya joto na tunutu wameanza kutoka, baridi ilirudi ghafula. Mvua ikageuka barafu, barafu ikageuka theluji, ikawafunika. Wengi walisema hayo ndiyo jibu. Lakini mwandishi wa historia hana ruhusa ya kukomesha hadithi mahali inapopendeza. Theluji ile haikuwaua wote. Mwezi wa Mei na Juni tunutu walionekana tena kwa wingi, na mkulima aliyekuwa ameimba zaburi za shukrani mwezi wa Aprili alirudi kuburuta bati lake la lami. Hapo ndipo imani ilipojaribiwa kuliko ilivyojaribiwa kabla ya maombi, maana ni rahisi kungoja jibu, lakini ni vigumu kuona jibu likiondoka. Kisha, wakati wa kiangazi, nzige walipoota mabawa, waliruka juu na kuondoka, kundi baada ya kundi. Ilipofika Agosti walikuwa wamekwenda zao. Mavuno ya ngano ya mwaka ule yakawa mengi ajabu.

Katika wilaya ya Stearns, walikokaa Wajerumani Wakatoliki, wakulima wa karibu na mji wa Cold Spring walikuwa wamefanya jambo jingine. Padri wao, Leo Winter, wa shirika la Mtakatifu Benedikto, aliwaongoza kuweka nadhiri: watajenga kanisa dogo juu ya kilima kwa heshima ya Bikira Maria, na kwenda huko kwa ibada, wakiomba awaombee waepushwe na nzige. Wakalijenga kwa mbao mwaka uleule wa 1877. Nataka kijana asomaye aangalie jambo moja. Mbao zina bei, na misumari ina bei. Watu hawa walikuwa wametoka katika miaka minne ya hasara. Wangeweza kungoja mpaka mavuno yaingie, wauze, walipe madeni, kisha wajenge kwa kilichobaki, na hakuna ambaye angewalaumu. Walijifunga kwa nadhiri wakati mayai yangali ardhini, na hakuna aliyejua nani atakula ngano ya mwaka ule.

Kwa nini nzige waliondoka? Wataalamu wa wadudu husema kwamba nzige wale hawakuweza kukaa siku zote katika nchi tambarare. Makao yao ya kudumu yalikuwa mabonde ya mito katika Milima ya Rocky. Walitoka huko katika miaka ya ukame, na vizazi vyao vikajaribu kurudi. Hilo laeleza mengi, ingawa halielezi kwa nini iwe mwaka ule na si mwaka mwingine. Na yaliyofuata ni ya ajabu zaidi. Makundi yalipungua mwaka hata mwaka, na mwaka 1902 nchini Kanada walikamatwa nzige wa mwisho wa aina hiyo waliopata kuonekana wakiwa hai. Kiumbe aliyefunika nusu ya bara alikuwa ametoweka kabisa katika muda usiozidi miaka thelathini. Maelezo yanayokubaliwa na wengi leo ni kwamba walowezi waliofika katika mabonde yale ya milimani walilima kingo za mito, wakaingiza ng'ombe na kumwagilia mashamba, wakayaharibu mayai bila kujua. Lami, mitaro na fedha za wilaya hazikuwamaliza. Walimalizwa na plau za watu ambao hawakuwa wakiwafikiria. Mtu wa imani aweza kuona humo mkono wa Mungu, na mtu asiye na imani aweza kuona bahati. Kila mmoja atakiri kwamba hakuna mkulima wa wakati ule aliyepanga iwe hivyo.

Nzige wetu hawakutoweka. Wao ni wa aina nyingine, nzige wa jangwani, na makao yao ni mapana, tangu Afrika ya magharibi hadi India. Wakikuyu wanalo jina la mtu, Ngigi, ambalo maana yake ni nzige. Mwishoni mwa mwaka 2019 waliingia Kenya kutoka Somalia na Ethiopia, na mwaka 2020 walienea Marsabit, Samburu, Isiolo, Kitui na kwingineko, makundi ambayo Kenya ilikuwa haijaona mfano wake kwa miaka 70. Ndege zilinyunyiza dawa, wataalamu walifuata makundi kwa simu za mkononi na picha za setilaiti. Na katika vijiji watu walitoka na madebe, sufuria na filimbi, wakapiga kelele kuwafukuza; na Jumapili wakaenda kanisani, wengine wakiwa na shamba zima na wengine wakiwa na mabua.

Kanisa la kilima cha Cold Spring halikusimama kwa amani muda mrefu. Mwezi wa Juni mwaka 1894, miaka kumi na saba baada ya kujengwa, kimbunga kililinyanyua kutoka katika msingi wake na kulivunjavunja. Nzige walikuwa wamekwenda. Nyumba ya shukrani ikaangushwa na upepo. Kilima kikabaki kitupu kwa zaidi ya miaka hamsini. Watu walioweka nadhiri walizeeka wakafa, na watoto wao wakalima mashamba yaleyale, wakapata miaka mizuri na miaka mibaya, na katika miaka ya 1930 ukame mkubwa ukawapata wao pia. Kisha wajukuu wakaamua kujenga tena. Mji wa Cold Spring una machimbo ya mawe magumu ya matale, basi safari hii hawakutumia mbao. Kanisa la mawe lilimalizika mwaka 1952, nalo lingali lipo. Juu ya mlango wake imechongwa sanamu ya Bikira Maria akipaa mbinguni, na chini ya miguu yake, upande huu mmoja na upande huu mmoja, wamechongwa nzige wawili, vichwa vyao vimeinama.